Kompyuta ya Kuharibu

Katika makala haya nakusudia kueleza namna nilivyochagua vipuri vya kompyuta moja ya mezani katika chuo chetu hapa Bariadi. Huenda msomaji akauliza jambo hilo linahusiana vipi na jarida la mbinu za kufundishia, kwa kuwa uchaguzi wa vipuri ni kazi ya fundi. Nami si fundi. Nina stashahada ya ualimu, na somo la TEHAMA nilikabidhiwa kwa sababu mwenzetu aliyekuwa akilifundisha alihamishwa. Lakini kila kipuri nilichokichagua, kwa usahihi au kwa makosa, kilitokana na jambo lililotokea darasani, na hapana budi nianze na jambo hilo.

Chumba chetu cha TEHAMA kina kompyuta nane, zote za zamani, zilizopatikana kwa msaada nyakati mbalimbali. Mkondo mmoja una wanachuo 40, kwa hiyo kila kompyuta huzungukwa na watu watano. Siku moja nilikuwa nafundisha jinsi ya kusafisha flashi iliyoingiliwa na virusi. Mwanachuo mmoja, kijana mtulivu kutoka Meatu, alichomeka flashi yake, akafungua orodha ya diski, akachagua sehemu ya D badala ya flashi, akabonyeza. Katika sehemu hiyo nilikuwa nimehifadhi alama za majaribio ya mikondo miwili, jambo ambalo mkufunzi mwenye busara asingelifanya katika kompyuta ya darasa. Zikafutika zote. Nilipogundua, nilimwambia mbele ya wenzake kwamba mikono yake ni ya jembe, si ya kompyuta.

Nataka msomaji alipime neno hilo. Mimi mwenyewe ni mtoto wa mkulima wa pamba kutoka Itilima, na ada yangu ya sekondari ilitoka katika jembe. Wengi wa wanachuo waliokuwa wameketi mle chumbani walikuwa na historia kama yangu. Alama nilizinakili upya kutoka katika daftari langu kwa usiku mbili, wala hazikupotea. Kilichopotea nilikiona baadaye.

Wiki zilizofuata, katika kila kundi la watu watano, mmoja tu ndiye aliyeshika kipanya, na kila kipindi alikuwa yule yule. Wengine walikunja mikono. Nilipomwuliza dada mmoja mbona hajaribu, alinijibu kwa heshima zote: “Mwalimu, mimi naangalia tu, nisije nikaharibu.” Kijana wa Meatu aliketi nyuma kabisa, karibu na dirisha, na kila nilipokaribia alijifanya anaandika.

Ndugu mwanachuo, fikiri maana ya jambo hilo kwa shule zetu za msingi. Mwalimu aliyehitimu bila kuigusa kompyuta kwa hofu ya kuiharibu, atamruhusuje mtoto wa darasa la tatu aiguse? Katika mazoezi ya kufundisha nimekwisha kuingia katika ofisi ya Mwalimu Mkuu mmoja nikaikuta kompyuta ya shule imefunikwa kitambaa cha kufuma, kizuri sana, na juu yake pamewekwa maua ya plastiki. Haikuwa mbovu. Ilikuwa inatunzwa.

Mwalimu wa useremala humpa mwanafunzi vipande vya mbao vya kukatia hovyo kabla ya kumpa ubao wa mninga. Sisi walimu wa darasani tunaandika kwa chaki, ambazo hata hapa mkoani zimewahi kutengenezwa kule Maswa, kwa sababu maandishi ya chaki hufutika. Nikaandika katika daftari langu la maandalio swali hili: Mwanachuo atapata wapi kompyuta ya kuharibu?

Jibu lilikuwa limekwisha kupatikana kwa wenye mashine kubwa zaidi ya nusu karne iliyopita. Linaitwa kompyuta pepe. Kompyuta pepe haina mwili wake yenyewe. Ni programu inayotenda kama kompyuta kamili. Ina diski yake, kumbukumbu yake, kioo chake na mfumo wake wa uendeshaji, lakini vyote hivyo vimeazimwa kutoka katika kompyuta halisi inayoibeba. Hiyo inayobeba nitaiita mwenyeji, na hizo zinazobebwa nitaziita wageni. Diski ya mgeni kwa kweli ni faili tu ndani ya diski ya mwenyeji. Mwanachuo akiifuta diski yote ya mgeni, mwenyeji hadhuriki, na wageni wengine hawana habari. Tena mwalimu aweza, kabla ya kipindi, kuhifadhi picha ya hali ya mgeni, yaani kumbukumbu kamili ya jinsi alivyokuwa saa hiyo, na baada ya maharibiko kumrudisha katika hali hiyo kwa kubonyeza mara moja au mbili.

Kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972, nao uliiwezesha mashine moja kubwa kuwahudumia watu wengi, kila mmoja akiitumia kana kwamba ni yake peke yake. Nchini kwetu kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake. Mwaka huo huo wa 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba elimu ya msingi iwe ya watoto wote ifikapo mwaka 1977. Nchi iliyokuwa inatafuta walimu na madarasa kwa mamilioni ya watoto ilikuwa na shughuli nyingine. Nayataja haya kwa sababu baadhi ya wanachuo hudhani kuchelewa kwetu ni tabia, kumbe kuna miaka na sababu zake.

Kwa kompyuta ndogo za mezani kazi hiyo ilikuwa nzito mpaka watengenezaji wa prosesa walipoongeza ndani yake uwezo maalumu wa kuwahudumia wageni: Intel mwaka 2005, AMD mwaka 2006. Mwaka 2007 ilitoka programu ya VirtualBox, na mwaka huo huo uwezo uitwao KVM ukaingizwa ndani ya Linux. Zote mbili twaweza kuzipata bila kulipa. Kwa hiyo programu haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mwili wa kuzibeba.

Mpango wangu ulikuwa huu. Zile kompyuta nane za zamani zisitupwe, ila zigeuzwe madirisha. Kila moja iunganishwe kwa waya na mwenyeji mmoja mwenye nguvu, na kazi yake iwe kuonyesha kioo cha mgeni mmoja na kupokea kipanya na kibodi. Nane kati yake zilikuwa dhaifu mno kwa mifumo mipya, lakini hata kompyuta dhaifu yaweza kuonyesha picha. Mkuu wa chuo alikubali, na chuo kikanipa shilingi 1,700,000 kutoka katika mfuko wa miradi ya kujitegemea. Fedha hizo zilitokana na shamba la pamba la chuo. Waliolilima ni wanachuo.

Nilipanda basi asubuhi, nikapitia Lamadi, nikafika Mwanza kabla ya saa sita mchana. Katika duka nililoingia alikuwapo kijana mchangamfu aliyeniuliza nataka mashine ya kazi gani. Nikamwambia nataka iliyo bora kwa fedha nilizo nazo. Ndugu msomaji, hilo ndilo kosa langu la kwanza, na lilikuwa kosa la kimasomo kabla ya kuwa la kiufundi. Ningemsahihisha mwanachuo ambaye angeniletea maandalio ya somo yasiyo na lengo mahsusi, nami nimesimama dukani bila lengo mahsusi. Kijana yule akafanya alilolijua. Alinionyesha prosesa ya viini vinne yenye kasi kubwa, kadi ya picha ya kuchezea michezo, na diski ya kuzunguka yenye nafasi ya GB 1,000. “Mwalimu, hii ni moto wa kuotea mbali,” akasema. Kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM, ilikuwa GB 8, vipande viwili vya GB 4. Nikauliza kama zinatosha. Akasema zinatosha sana, na kwa mtu mmoja mwenye kompyuta moja alikuwa anasema kweli.

Hapa Bariadi wageni walikataa hata kuwaka. Lilitokea onyo kwenye kioo kwamba uwezo wa prosesa haupatikani, na kwa usiku mbili niliamini nimeuziwa prosesa isiyofaa. Kumbe uwezo ule ulikuwamo, ila ulikuwa umezimwa katika mpangilio wa awali wa mashine, ule unaofunguliwa kwa kubonyeza Delete au F2 mara tu mashine inapowaka. Kwa prosesa za Intel hutajwa kwa jina la VT-x au Virtualization Technology. Kwa za AMD hutajwa kama AMD-V au SVM. Ukiona onyo la namna hiyo, tazama huko kwanza kabla ya kumlaumu muuzaji.

Siku ya kuonyesha mradi nilimwalika Mkuu wa chuo na wakufunzi wenzangu. Mgeni wa kwanza aliwaka vizuri. Wa pili pia. Wa tatu alichukua dakika kadhaa, na wale wawili wa kwanza wakaanza kusita. Nilipomwasha wa nne, taa ya diski iliwaka mfululizo bila kupepesa, ndani ya kasha ukasikika mkwaruzo wa diski ikihangaika, na vioo vyote vinne vikaganda. Tulingoja. Mkufunzi mmoja akatazama saa yake. Mkuu wa chuo aliniinamia akaniuliza kwa sauti ndogo: “Mwalimu, hii ndiyo pamba yetu?”

Sikulala vizuri siku ile. Kesho yake niliketi na karatasi, nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kupanda basi. Nitaieleza kwa kirefu, maana ndiyo kiini cha makala haya.

Kila mgeni anayewaka huhitaji sehemu yake ya kumbukumbu ya kazi. Nilikuwa nimempa kila mmoja GB 2. Wanne ni GB 8. Lakini mwenyeji naye anahitaji kumbukumbu yake, na mimi sikumhesabu kabisa, kama mtu anayepanga sahani za wageni akasahau watu wa nyumbani. Kumbukumbu ya kazi yafanana na madawati darasani. Diski yafanana na stoo. Mwanafunzi aliyekosa dawati huketi sakafuni na bado anasikia somo. Mgeni aliyekosa kumbukumbu haketi sakafuni. Mfumo humhamishia sehemu ya kazi yake stoo, kisha humrudisha anapohitajiwa, kisha humtoa mwingine ili kumpisha. Ule mkwaruzo tuliousikia ulikuwa sauti ya wageni wanne wakitolewa na kuingizwa stoo bila kikomo.

Prosesa haina tabia hiyo. Prosesa yafanana na mwalimu. Shule zetu nyingi zina mwalimu mmoja mwenye mikondo miwili, naye huifundisha kwa zamu. Watoto husubiri kidogo, lakini somo hufundishwa. Kiini kimoja cha prosesa huweza vivyo hivyo kuwahudumia wageni wawili au watatu, kwa zamu fupi mno ambazo jicho halizioni, hasa ikiwa kazi yao ni nyepesi. Mwanachuo anayeandika barua humwacha mwalimu wake huyo bila kazi kwa sehemu kubwa ya wakati, kwani kati ya herufi moja na nyingine prosesa haina la kufanya. Kumbukumbu aliyoishika mgeni, kinyume chake, ameishika hata akisinzia. Zipo mbinu za kuibana na kuigawana, lakini kwa mtu anayeanza, nashauri ahesabu kana kwamba hazipo.

Nilikuwa nimelipia mwalimu hodari na nikasahau madawati.

Ndipo nikahesabu upya nikianzia darasani. Nahitaji wageni wanane kwa pamoja, kwa sababu ninavyo vioo vinane. Kila mgeni atatumia Linux yenye mandhari nyepesi, pamoja na programu ya kuandikia na kivinjari. GB 2 zamtosha, lakini kivinjari kina tamaa, kwa hiyo nikampa GB 3. Nane mara tatu ni 24. Mwenyeji nikamwekea GB 4. Jumla ni 28, na kumbukumbu huuzwa kwa vipande vyenye vipimo maalumu, basi nikahitaji GB 32. Nilichagua Linux kwa sababu ni ya bure, na kwa sababu kila mgeni wa Windows angehitaji leseni yake, na tena angedai kumbukumbu zaidi. Aidha, msaada wa bure wa Windows 10 kwa watu wote ulikoma Oktoba 2025, na kompyuta zetu nane hazina uwezo wa kupokea Windows 11.

Sasa ikanipasa kutazama ubao mama, yaani ule ubao mkubwa unaoshika vipuri vyote. Nilipoufungua kasha niliona kuwa una nafasi mbili tu za kumbukumbu, na zote zimejaa vile vipande viwili vya GB 4. Kuongeza hakukuwezekana bila kuvitoa. Laiti ningenunua kipande kimoja cha GB 8, nafasi moja ingebaki wazi. Laiti ubao ungekuwa na nafasi nne, nisingetoa chochote. Nilisoma kijitabu cha ubao nikakuta kwamba unapokea hadi GB 32, vipande viwili vya GB 16. Hapo tu ndipo bahati iliponisaidia. Vile vipande vya GB 4 nilijaribu kuviweka katika mojawapo ya kompyuta za zamani, vikakataa, kwa maana ni vya aina ya DDR4, na za zamani zinatumia DDR3. Ule mwanya mdogo ulio chini ya kipande umekatwa mahali tofauti, ili mtu asivilazimishe. Ninavyo mezani hadi leo. Vimekuwa zana nzuri ya kufundishia, na kila mwanachuo huvishika kwa mkono wake.

Diski nayo ilihitaji kubadilishwa. Diski ya kuzunguka ya kawaida huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa chake cha kusomea hulazimika kusogea, kisha kungoja sehemu inayotakiwa ipite chini yake. Kungoja nusu mzunguko tu ni takriban milisekunde 4, bila kuhesabu muda wa kusogea. Kwa mtu mmoja si kitu. Lakini wageni wanane wakiwaka kwa pamoja, kila mmoja anadai kipande chake mahali pake, na kichwa ni kimoja. Diski ya SSD haina kinachozunguka wala kichwa cha kusogeza. Nilihitaji ya GB 500 tu. Unaweza kumtengeneza mgeni mmoja wa mfano, kisha wale wanane wakamtumia yeye kama msingi, na faili ya kila mmoja ikahifadhi tofauti zake tu. Kwa njia hiyo wageni wetu wote hawakula hata nusu ya diski. Ile ya kuzunguka niliibakiza kwa kuhifadhi nakala, na alama za wanachuo sasa zinakaa huko, mbali na darasa.

Fedha zilikuwa zimekwisha. Nilisimama katika kikao cha wakufunzi nikaeleza kwamba mashine haikuwa mbovu, bali mimi ndiye niliyekosea kuichagua, na kwamba pana kipuri cha kuuza. Kadi ya picha ilikuwa haina kazi yoyote kwetu, kwani prosesa yetu ina uwezo wake wa kuonyesha picha. Niliiuza kwa shilingi 300,000 kwa kijana wa hapa mjini anayehariri video za harusi, naye aliifurahia kwelikweli. Nyongeza niliitoa mfukoni mwangu, nikasafiri tena Mwanza, safari hii nikiwa na karatasi yenye hesabu. Muuzaji alinikaribisha kwa kunionyesha prosesa mpya. Nikamwonyesha karatasi yangu. Akaisoma, akasema, “Sawa, mwalimu,” akaenda nyuma kuleta kumbukumbu.

Prosesa ni ile ile ya viini vinne. Kumbukumbu ikawa GB 32, diski ikawa SSD, na wageni wanane wakawaka. Sitaki kumdanganya msomaji: wote wakisakinisha programu kwa wakati mmoja, kila kitu huwa kizito, na mimi huwaagiza waanze safu kwa safu. Kama ningenunua mashine mpya leo ningetafuta prosesa ya viini sita au nane, hata kama kasi ya kila kiini ni ndogo, na ubao wenye nafasi nne. Lakini ningeanza na kumbukumbu.

Zimebaki habari za umeme na vumbi, ambazo katika maduka hazitajwi. Mgeni akizimika ghafla anapoandika katika diski yake, faili yake huweza kuharibika, na mwenyeji akizimika, huzimika na wageni wote wanane. Kwa hiyo UPS si pambo. Nilimfungia mwenyeji UPS yake, pamoja na ile swichi ya mtandao. Zile kompyuta nane za zamani sikuziwekea. Umeme ukikatika, vioo vyote huzimika na wanachuo hushangaa, lakini wageni wanaendelea kuishi ndani ya mwenyeji, na kazi ya kila mtu imebaki ilipokuwa. Ukirudi baada ya dakika chache, mwanachuo huwasha dirisha lake na kuikuta sentensi yake haijamalizika, kama alivyoiacha. Usiporudi, nazima wageni mmoja mmoja kwa utaratibu kabla betri haijaisha.

Vumbi la kiangazi msomaji wa Simiyu analijua. Kuanzia Juni huingia kila mahali, na msimu wa pamba huleta pia nyuzi nyepesi ambazo hujisokota katika feni na kuziba mapezi ya kupoozea prosesa. Prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe, na mtu hudhani ni virusi. Nilikata kipande cha chandarua kilichochakaa nikakibandika mbele ya tundu la kuingizia hewa, na kila Ijumaa mwanachuo wa zamu hukitoa na kukikung’uta nje. Tundu la kutolea hewa nyuma lisizibwe. Mashine yenyewe iko juu ya meza, si sakafuni.

Sasa nirudi darasani. Kipindi cha kwanza nilianza kwa kuharibu mwenyewe. Nilifungua mgeni wangu mbele ya mkondo wote, nikafuta diski yake nzima, nikamwasha tena ili waone kuwa hawaki. Chumba kilikuwa kimya. Kisha nikamrudisha katika picha ya hali niliyokuwa nimeihifadhi, akawaka kama hakuna lililotokea. Nikawaambia kazi yao ya siku hiyo ni kuharibu na kuandika katika daftari walichoharibu na walichokiona. Makundi mawili yaliniuliza kama nina hakika. Kufikia katikati ya kipindi kipanya kilikuwa kinagombewa, na kelele zikanilazimu kufunga mlango.

Kijana wa Meatu hakugusa. Wala kipindi cha pili hakugusa. Siku moja jioni, nikiwa peke yangu nakung’uta chandarua, alibisha hodi. “Shikamoo, mwalimu. Naomba ile ya kuharibu.” Nilimwashia mgeni mmoja nikajifanya nina kazi upande wa pili wa chumba. Alifungua orodha ya diski, akachagua diski ya mgeni, akakaa muda mrefu kidole kikiwa juu ya kipanya. Kisha akabonyeza. Akatazama. Akamrudisha mgeni, akafuta tena, akarudisha tena. Mara ya tatu nilimsikia akihesabu sekunde kwa sauti ya chini.

Kesho yake, kabla ya somo, nilisimama mbele ya mkondo ule ule nikasema kwamba siku ile ya alama kosa lilikuwa langu, kwa kuziweka pale, na kwamba neno nililolitamka kuhusu jembe sikustahili kulitamka, tena mashine hii imenunuliwa kwa jembe lao. Niliomba radhi. Kijana yule aliinuka akasema, “Tumeshasahau, mwalimu,” na wote tulijua kwamba haikuwa hivyo. Lakini kipindi kile aliketi safu ya mbele.

Muhula huu yuko katika mazoezi ya kufundisha, shule ya vijijini yenye kompyuta mpakato moja. Juzi alinitumia ujumbe. Hakuandika maneno mengi baada ya salamu: “Mwalimu, hii ya hapa ina RAM GB 4. Itabeba wageni wangapi?”

Nilimjibu: mmoja, tena mdogo.